Mashine Inayofundishwa Kusahau

Amri ya mwisho huwa fupi kuliko zote. Fundi yuko kazini tangu asubuhi: amesimika mfumo endeshi, amegawa diski, amesasisha programu, amefagia kila kona. Sasa ameandika amri ya kuizima mashine, na kabla ya kubonyeza anarudi kwenye daftari lake kusoma orodha upya tangu mstari wa kwanza. Ana sababu. Mashine hii ikishazimwa na kugeuzwa kiolezo, yenyewe haitawashwa tena. Itabaki imelala, na kila mashine itakayozaliwa kutoka kwake itarithi kilichoachwa ndani, kizuri na kibaya. Wahenga walisema mwana hutazama kisogo cha nina, na sijaona mahali methali hiyo inapotimia kwa ukamilifu kama hapa.

Kazi hii ya kutengeneza violezo vya mashine pepe nimeifanya, na nimekaa kando ya wanaoifanya vizuri kuliko mimi. Naiandikia kwa sababu ni ufundi usiosifiwa na mtu. Mlango uliochongwa vizuri husimamisha wapita njia, lakini kiolezo kilichoandaliwa vizuri dalili yake pekee ni kwamba hakuna kilichoharibika. Seva arobaini zinawaka, kila moja na jina lake, na hakuna anayeuliza zimetoka wapi.

Tuanze na chenyewe. Mashine pepe ni kompyuta iliyomo ndani ya kompyuta. Ina kichakataji, kumbukumbu, diski na kadi ya mtandao, ila vyote hivyo ni mgawo inaopewa na mashine kubwa iliyoihifadhi. Diski yake mara nyingi ni faili tu, na faili hunakiliwa. Basi badala ya kusimika mfumo uleule mara arobaini, unausimika mara moja, unauandaa, unaufunga, kisha unanakili. Mafundi wengi husema templeti, lakini Kiswahili kilikuwa na neno lake tangu zamani: kiolezo, kitu ambacho umbo lake hufuatishwa ili kutengeneza kingine.

Asili ya jambo lenyewe ni ya mbali. Januari 1967, katika kituo cha utafiti cha IBM mjini Cambridge, Massachusetts, mfumo ulioitwa CP-40 ulianza kutumika. Kikundi kilichoongozwa na Robert Creasy kiliigawa kompyuta moja kuwa mashine pepe 14, kila moja ikijiona iko peke yake duniani. VMware ilileta uwezo huo kwenye kompyuta za kawaida mwaka 1999, na mwaka 2007 KVM, yenye uwezo uleule, iliingizwa kwenye kiini cha Linux. Mwaka uliofuata, kutoka Vienna, ikaja Proxmox, programu ya bure ambayo ndiyo nitakayoifuata zaidi hapa kwa kuwa ndiyo niliyoishika kwa mikono yangu.

Ufundi huanza na kujinyima. Mgeni wa kazi hii hujaza kiolezo kila anachodhani kitahitajika: hifadhidata, seva ya tovuti, zana kumi za uchunguzi. Mzoefu huweka kile tu ambacho kila mtoto atakihitaji bila kubagua. Anasimika Debian, aina mojawapo ya Linux, bila mazingira ya picha, anaongeza seva ya SSH ya kuingilia kutoka mbali, na anaongeza wakala wa QEMU, programu ndogo inayomwezesha mwenyeji, yaani ile mashine kubwa, kuiuliza mashine pepe anwani yake, au kuiomba ishike pumzi kidogo, isiandike kitu diskini wakati nakala ya akiba inachukuliwa. Mwisho anaongeza cloud-init, nitakayoieleza mbele, na hapo anaacha. Kila programu unayoiongeza kwenye kiolezo umeiongeza kwenye mashine zote zijazo, pamoja na kasoro zake za usalama, na itakudai matunzo mahali ambapo haikuhitajika kamwe.

Diski nayo ina hekima yake. Kuikuza diski ya mashine pepe ni rahisi, kuipunguza ni balaa, kwa hiyo fundi huanza na ndogo. Lakini diski kukua hakutoshi, sharti na sehemu yenye mfumo iweze kutanuka ndani yake. Mgawo ambao kisimikaji cha Debian kimezoea kuupendekeza huweka sehemu ya mfumo kwanza, kisha eneo la kubadilishana kumbukumbu nyuma yake. Ukikubali bila kufikiri, siku diski itakapokuzwa nafasi mpya itatokea upande wa pili wa eneo hilo, na mfumo utaiona ng'ambo usiweze kuifikia. Ni kama nyumba iliyojengewa choo kwenye upande pekee ambako kiwanja kingeweza kuongezwa. Fundi anayejua huweka sehemu ya mfumo iwe ya mwisho, asibakize kitu nyuma yake. Uamuzi huo huchukua nusu dakika. Asipoufanya, atakuja kuulipia usiku mmoja mrefu miaka miwili baadaye, diski imejaa na huduma imesimama.

Baada ya kujenga huja sehemu iliyonifanya niipende kazi hii, nayo ni kusahaulisha. Mashine iliyowashwa hata mara moja imeshajijua. Imejitungia funguo za siri, imejipa namba ya utambulisho, imeandika katika kumbukumbu zake nani aliingia na saa ngapi, imeweka historia ya kila amri uliyoiandika, hata ile uliyoingizia nywila kwa bahati mbaya. Yote hayo ni nafsi ya mashine moja. Ukiyanakili hujazaa watoto, umetengeneza mtu mmoja mwenye miili mingi, na mtandao haujui namna ya kuishi na mtu wa hivyo.

Somo hili nilipewa mwaka wangu wa pili kazini. Nilitengeneza kiolezo nikiwa na haraka, nikazaa seva tatu. Asubuhi ya kwanza zilifanya kazi. Mchana moja ikapotea kwenye mtandao. Nikaiwasha upya, ikarudi, ikapotea ya pili. Siku nzima ilikuwa hivyo, moja ikiingia nyingine inatoka, kama watu watatu wanaogombea kiti kimoja. Nilikagua kadi za mtandao, kila moja ilikuwa na namba yake. Nikakagua nyaya, swichi, hata seva inayogawa anwani. Hatimaye nikampigia aliyekuwa akinifundisha kazi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja: “Mdogo wangu, ile mashine uliisafisha, au uliisahaulisha?”

Nikafungua faili liitwalo /etc/machine-id kwenye zote tatu. Faili hilo lina mstari mmoja wa tarakimu na herufi 32, ambao mfumo hujitungia siku unapozaliwa. Mistari ilikuwa mitatu na ilikuwa sawa, herufi kwa herufi. Mfumo tuliokuwa tukiutumia, ulipoomba anwani ya mtandao, haukujitambulisha kwa namba ya kadi yake. Ulijitambulisha kwa kitambulisho kilichozalishwa kutokana na mstari ule. Seva ya kugawa anwani ikaona mteja yuleyule anarudi mara tatu, na kwa uaminifu wake wote ikampa anwani ileile mara tatu. Hakuna kilichokuwa kimeharibika. Kila kifaa kilifanya kilichoumbwa kufanya, na kosa lilikuwa langu.

Dawa yake ni ndogo na ina adabu yake. Faili lile hulifuti, unalimwaga. Unaacha gamba tupu, faili lipo lakini halina hata herufi moja. Mfumo ukiwaka na kukuta gamba tupu unajua kwamba huyu bado hajapewa namba, nao unampa. Ukitaka kuona mtu aliyeielewa kazi, mwangalie anavyotofautisha kati ya kitu cha kuondoa na kitu cha kuacha kikiwa kitupu.

Funguo za SSH zinahitaji uangalifu wa namna hiyo hiyo. Kila seva ina funguo zake za kujithibitisha, ili anayeingia kutoka mbali ajue kwamba amefika kwenye mlango aliokusudia. Seva mbili zenye funguo sawa zinaweza kujifanya kila moja ni mwenzake, na anayepata siri ya moja amepata ya zote. Mwaka 2012, Nadia Heninger na wenzake walichapisha uchunguzi walioufanya kwenye intaneti nzima, wakakuta asilimia 9.60 ya seva za SSH zinashiriki funguo na nyingine kwa namna iliyoonekana kuwa hatari. Sababu zilikuwa zaidi ya moja, zikiwemo funguo zilizotoka kiwandani na vifaa vilivyotunga funguo kabla ya kupata nasibu ya kutosha. Somo kwa fundi wa violezo ni moja: siri iliyonakiliwa si siri tena.

Hivyo funguo unazifuta. Lakini hapo pana mtego mwingine. Kwenye Debian, ukizifuta bila kuweka mpango wowote wa kuzitunga upya, mtoto atawaka bila funguo, huduma ya SSH itakataa kuanza, na utakuwa umezaa seva nzima kabisa isiyo na mlango. Kusahaulisha ni nusu ya kazi, nusu ya pili ni kuhakikisha anayeamka ana njia ya kujifunza upya. Na kwa kuwa funguo nzuri hutegemea nasibu, fundi makini huondoa pia mbegu ya nasibu ambayo systemd, msimamizi wa huduma za mfumo, huihifadhi kutoka uwashaji mmoja hadi mwingine. Watoto wote wakianza na mbegu moja, sadfa zao nazo zina asili moja.

Wafyatua matofali wanalijua jambo hili kwa mikono. Kalibu ni ileile asubuhi hadi jioni, na tofali la mia latoka sawa na la kwanza kwa sababu baada ya kila tofali kalibu huoshwa na kunyunyiziwa mchanga. Udongo wa tofali lililopita ukibaki pembeni, lijalo litanasa na kutoka limemeguka. Nimetazama wafyatuaji kwa saa nzima nikaona mkono unaoosha una kasi na heshima sawa na mkono unaokandika.

Kwenye mashine, kuosha kuna kina chake. Ukifuta faili, mfumo huondoa tu jina lake kwenye orodha, na maneno yenyewe hubaki diskini mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Fundi aliyefuta historia ya amri na kumbukumbu za matukio bado hajamaliza. Humwambia mwenyeji ni vipande gani vya diski havina mwenyewe tena ili viachiliwe, au huvijaza sifuri. Hapo anapata faida mbili: siri za jana zimetoweka kweli, na kiolezo kimepungua uzito, kwa kuwa mahali palipo tupu hapahitaji kuhifadhiwa. Zipo zana za kufanya sehemu kubwa ya usafi huu, kama virt-sysprep, inayofanya kazi kwenye diski ya mashine iliyozimwa. Mafundi ninaowaheshimu huzitumia, lakini kwanza husoma kila hatua inayofanywa na zana, maana kuamini ufagio hakumwondolei mtu wajibu wa kutazama sakafu.

Upande wa Windows zana ya kazi hii ni Sysprep, na historia yake inafundisha subira. Kila mashine ya Windows ina kitambulisho cha usalama kiitwacho SID. Kwa miaka mingi mafundi walihangaika kukibadilisha kwenye nakala, mpaka Novemba 2009 Mark Russinovich wa Microsoft alipoandika kwamba hajaona madhara ya mashine mbili kuwa na SID moja ya ndani, akaistaafisha programu yake mwenyewe iliyokuwa ikikibadilisha. Hata hivyo alikumbusha kwamba Sysprep inabaki kuwa njia rasmi. Wengine walichukua nusu ya kwanza ya ujumbe wakaacha ya pili. Kisha masasisho ya Windows 11 na Windows Server 2025 yaliyotolewa kuanzia mwishoni mwa Agosti 2025 yakaanza kukagua vitambulisho hivyo, na mashine zilizonakiliwa bila Sysprep zikaanza kukataliana kwenye mtandao. Waliokuwa wameendelea kufuata hatua ile, miaka yote ilipoonekana haina kazi, hawakuguswa.

Sasa mashine ni safi, imezimwa, na unaigeuza. Mwongozo wa Proxmox huipa mashine namba 9000 katika mfano wake, na mafundi wengi wameifuata hadi imekuwa desturi. Amri ikishapita, diski hubadilishwa jina: iliyoanza na neno vm sasa inaanza na neno base, na inafungwa isiandikike. Kuna nakala za aina mbili zitakazotoka hapo. Nakala kamili hubeba kila kitu na kujitegemea. Nakala tegemezi haibebi kitu mwanzoni, husoma kila jambo kutoka kwa mama na kuandika kwake mwenyewe yale tu yanayobadilika. Ndiyo maana mashine yenye diski ya gigabaiti 20 inaweza kuzaliwa ikiwa na faili lisilofika megabaiti moja, kwa muda wa kupepesa macho. Na ndiyo maana mama hagusiki. Kikibadilika kitu ndani yake, watoto wote wanaomsoma wanaharibika kwa pamoja, kila mmoja mahali asipojua.

Anayempa mtoto jina ni cloud-init, programu iliyolala ndani ya kiolezo ikingoja kuwashwa kwa mara ya kwanza. Kwenye Proxmox hupelekewa barua kupitia diski ndogo ya kusoma tu, yenye lebo cidata. Mashine ikiamka, cloud-init huitafuta barua, huisoma na kulinganisha namba ya uzawa iliyoandikwa humo na ile inayoikumbuka. Ikiwa ni tofauti, inajua kwamba iko katika mwili mpya, na hapo kazi inaanza: jina, anwani, mtumiaji, ufunguo wa umma wa mwenye seva, funguo mpya za SSH, na kuitanua sehemu ya mfumo mpaka ukingo wa diski. Ule uamuzi wa nusu dakika wa kuiweka sehemu ya mwisho hapa ndipo unapolipa. Kabla ya kufunga kiolezo, fundi husafisha pia kumbukumbu ya cloud-init yenyewe, kwa sababu mkunga anayedhani ameshamaliza kazi hatainuka tena.

Kiolezo huzeeka. Kinalala, lakini dunia hailali pamoja nacho, na kila wiki kasoro mpya za usalama zinagunduliwa. Mtoto anayezaliwa kutoka kwenye kiolezo cha mwaka jana anazaliwa na maradhi ya mwaka jana, na kama intaneti yenu ni ya kupimwa, kila mmoja atavuta masasisho yaleyale mamia ya megabaiti kabla ya kufanya kazi yoyote. Wengine hutoa nakala, wakaisasisha, wakaigeuza kiolezo kipya, mwaka baada ya mwaka, hadi hakuna anayejua kilichomo. Njia bora ni kutunza mapishi badala ya chungu. Tangu mwaka 2013 ipo Packer, iliyoanzishwa na Mitchell Hashimoto, ambayo husoma maandishi ya hatua zote na kujenga kiolezo kutoka sifuri kila unapotaka. Mimi nilikuwa na daftari kabla ya kuwa na Packer, na daftari lile lilikuwa mapishi tayari. Kinachohitajika ni kwamba hatua ziwe zimeandikwa mahali ambapo mtu mwingine anaweza kuzisoma, kuzihoji na kuzirudia bila wewe.

Kabla ya kukabidhi kuna jaribio la mwisho, na ndilo linalonionyesha nani ameiva katika kazi hii. Wengi huzaa nakala moja, huiwasha, huingia, huona inafanya kazi, huridhika. Lakini nakala moja haithibitishi kitu kuhusu kiolezo. Peke yake haina wa kugongana naye, hata ikiwa imerithi nafsi nzima ya mama yake. Aliyenifundisha daima alizaa mbili. Aliziwasha kwa pamoja, akafungua madirisha mawili kando kwa kando, akauliza zote maswali yaleyale kwa mpangilio: jina lako nani, anwani yako ipi, namba yako ya utambulisho ipi, alama ya ufunguo wako ipi, diski yako imefika wapi. Alisoma majibu kwa sauti, kushoto kisha kulia, kidole kikipita juu ya kioo.

Yaliyopaswa kufanana yalifanana: toleo la mfumo, programu, mipangilio. Yaliyopaswa kutofautiana yalitofautiana, herufi 32 hizi na herufi 32 zile, bila hata moja kukaa mahali pa mwenzake isipokuwa kwa bahati. Alipofika mwisho alizifuta zote mbili, akaandika tarehe ya siku hiyo kwenye maelezo ya kiolezo, akafunga daftari. Kesho yake asubuhi, watu wasiomjua walizaa humo seva za kazi zao, na kila moja iliamka ikajua jina lake.